Nani Awezaye Kusamehe Deni la Umma?

Mtu akimkopesha jirani yake fedha za mfukoni mwake, ana hiari tatu. Aweza kuzidai siku ya ahadi, aweza kuongeza muda, na aweza kusamehe, akapata thawabu kwa Mungu na shukrani kwa watu. Hapana wa kumwuliza sababu, kwani alichosamehe kilikuwa chake. Serikali inapomkopesha mkulima, jambo hili lafanana na lile kwa sura, lakini latofautiana nalo kwa asili. Mkono utoao si wa mwenye mali. Fedha zile ni kodi ya mwalimu, ya mchuuzi wa samaki, ya mpagazi wa bandarini, na ya mjane alipaye ushuru ndani ya kila kilo ya sukari anunuayo. Hao hawakuwapo mkopo ulipotolewa, wala hawaitwi unapofutwa.

Basi, ni nani aliye na haki ya kuutoa mkopo wa namna hii, kuulinda, na mwishowe kuusamehe? Swali hili huonekana kuwa la hesabu, na aghalabu huachiwa wenye kalamu na daftari. Kwa maoni yangu ni swali la uadilifu kwanza, na la hesabu baadaye. Jibu nitakalolitetea ni kwamba haki hiyo ni ya Bunge, kwa kuwa Bunge pekee husimama mahali pa wenye mali wote. Lakini ni haki yenye sharti. Bunge lisilouliza wakati wa kutoa halistahili kuhurumia wakati wa kudai. Huruma ya mtu asiyejua alitoa nini, kwa nani na kwa ajili gani, ni usahaulifu uliovaa joho la huruma.

Mkopo wa shamba una tabia zake. Mwenye duka akikopa leo, kesho auza, na baada ya mwezi aweza kuanza kulipa. Mkulima hukopa mbegu na mbolea kabla ya mvua, akasubiri miezi minne au sita, na katika miezi hiyo deni lake limo mikononi mwa mawingu, viwavi, kwelea na bei ya soko. Aweza kufanya kila lipasalo na bado akakosa. Mara nyingi hana dhamana ila shamba lenyewe, na shamba hilo ni la ukoo, haliuziki bila kuvunja nyumba. Ndiyo maana benki za biashara humkwepa, na ndiyo maana serikali nyingi duniani zimelazimika kuingia zenyewe katika kazi ya kumkopesha. Kwa hiyo mkopeshaji wa mkulima asiyesamehe kamwe ni dhalimu, kwani amdai mtu hesabu ya mvua. Lakini mkopeshaji asamehaye kila mara hana haki ya kuitwa mkopeshaji. Huyo agawa zawadi, na zawadi ina kanuni zake nyingine. Kati ya ncha hizi mbili yahitajika hukumu, na hukumu haiwezekani bila habari.

Nitatoa mfano wa nyumbani. Babu yangu alikuwa mkulima wa pamba. Msimu mmoja alikopa mbegu na dawa ya wadudu katika chama cha wakulima cha kijiji, chama kilichopata fedha zake kutoka mfuko wa umma. Alivuna vizuri, akalipa, akapewa stakabadhi, akaitia katika mkebe wa biskuti na kuuficha chini ya kitanda. Mwaka uliofuata alikuja karani mpya na daftari jipya, na jina la babu lilikuwa bado limo katika orodha ya wadaiwa. Mkebe ulifunguliwa, ulikuwa umeota kutu, maji ya mvua yameingia, na wino umepotea. Babu alichelea aibu ya kuitwa mdaiwa mbele ya wakweze, akalipa mara ya pili. Miaka michache baadaye likaja tangazo kwamba madeni yote ya msimu ule yamefutwa. Mzee mmoja jirani yetu, ambaye aliuza dawa yake gulioni kabla hajaifungua, alishangilia. Mwingine, ambaye pamba yake iliteketea kwa ukame, alishukuru kwa machozi. Babu alikaa kimya. Nami, kwa utoto wangu, nikamwuliza kwa nini hafurahi pamoja na wenzake. Akanijibu, "Mjukuu wangu, wamesamehe daftari, hawakusamehe watu."

Nimelifikiri jibu hilo kwa miaka mingi. Katika daftari, mwenye hila na mwenye msiba walikuwa mistari miwili ya wino wa rangi moja. Tofauti kati ya bahati mbaya na udanganyifu haionekani katika jumla ya chini ya ukurasa. Huonekana kwa mtu aliyekwenda shambani akauliza. Alipokosekana wa kuuliza, msamaha ulimfikia mwenye hila kwa kipimo kilekile cha mwenye msiba, na mwaminifu aliyelipa mara mbili alifunzwa kuwa uaminifu ni hasara. Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga. Naona yafaa kuongeza kwamba daftari lisilo na mkaguzi hupoteza kitu kikubwa kuliko mali, yaani imani ya mtu kwa jirani yake na kwa serikali yake.

Wazo kwamba wawakilishi wa watu waifuate fedha ya watu mpaka mwisho wa safari yake si geni. Bunge la Uingereza, lililokuwa hodari wa kuidhinisha fedha kuliko wa kuuliza zilikokwenda, liliunda Kamati ya Hesabu za Serikali mwaka 1861, na sheria ya 1866 ikaweka ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Utaratibu huo ulirithiwa na nchi nyingi zilizotawaliwa na Waingereza. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 63, yalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na ibara ya 143 yaweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambaye taarifa yake humfikia Rais na kisha huwekwa mbele ya Bunge. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 229, yamtaka Mkaguzi Mkuu aseme kama fedha ya umma ilitumika kwa kufuata sheria na pia kama ilitumika kwa namna yenye kuleta matokeo. Kisha yalipa Bunge miezi mitatu kuijadili taarifa na kuchukua hatua. Maneno haya ni mazuri. Lakini katiba ni chombo, na chombo hakifiki bandarini kwa uzuri wa mbao zake. Tutazame bunge moja lililokuwa na vyombo vyote hivyo, na bado fedha ya kilimo ikalipotea machoni.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mmoja wa wakuu wa kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima karanga kwa mashine katika Afrika ya Mashariki. Tume ya John Wakefield, aliyepata kuwa mkuu wa idara ya kilimo Tanganyika, ilizunguka kwa majuma machache, sehemu kubwa ya safari ikiwa ya ndege, ikarudi na hesabu iliyopendeza: ekari 3,210,000 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa gharama ya kiasi cha pauni milioni 24. Kazi ilianza mwaka 1947 huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Mwaka uliofuata sheria iliunda shirika la chakula la ng'ambo na kuliruhusu kupata kwa Serikali ya Uingereza mikopo hadi pauni milioni 50. Msomaji alizingatie neno hili, mikopo. Fedha za karanga hazikuwa sadaka. Zilikuwa mkopo wa umma kwa kilimo, uliotarajiwa kurudi.

Yaliyotokea yajulikana. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali ulao chuma, na wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama saruji. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yakafa kabla ya kulima ekari za kutosha. Mvua, ambayo Wagogo waliijua tangu vizazi kuwa ni mgeni asiye na ahadi, haikufuata makisio yaliyoandikwa London. Taarifa ya shirika ilipojadiliwa Bungeni mwezi wa Novemba 1949, ilikuwa imekwisha julikana kuwa wakaguzi hawakuridhika na namna vitabu vilivyotunzwa. Wapinzani walimshambulia John Strachey, waziri wa chakula. Wa chama chake wakamkinga. Kura zikafuata vyama, na mradi ukaendelea. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ilitangaza kuuacha mpango ule mkubwa, na kiasi cha pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Bunge lile halikuwa limelala. Maswali yaliulizwa mengi, tena kwa ufasaha. Kosa lilikuwa wapi? Kwanza, liliuliza kwa kuchelewa. Sheria ya mikopo ilipopitishwa mwaka 1948, kazi ilikuwa imekwisha kula mwaka mzima na mamilioni ya pauni. Kuidhinisha kulikuwa sawa na kufungisha ndoa baada ya watoto kuzaliwa. Pili, lilikuwa mbali. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mbunge wa London aliyepokea taarifa ya ekari zilizofyekwa hakuwa na njia nyepesi ya kujua kama ekari ile ilikuwa shamba au vumbi. Tatu, na hili ndilo zito kupita yote, wenye nchi hawakuwamo. Asiyekuwapo na lake halipo. Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, waliteuliwa mwaka 1945, na hata miaka ile ya karanga Waafrika barazani walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wala baraza hilo silo lililokuwa na mfuko. Mjadala wa London ulihusu pauni na sifa ya waziri. Habari za malisho ya ng'ombe wa Kongwa, na za maarifa ya wazee juu ya mvua, zingetoka kinywani mwa nani?

Na kulikuwa na kinaya kingine. Wakati shirika lile likiruhusiwa kukopa mamilioni kwa hesabu za majuma machache, mkulima Mwafrika wa Tanganyika aliishi chini ya sheria ya 1931 iliyobana mikopo kwa wenyeji, kwa hoja ya kuwakinga na madeni. Mmoja aliaminiwa kabla ya kuulizwa, na mwingine alinyimwa imani kabla ya kuulizwa. Kwa wote wawili kilichokosekana ni kimoja: hapana aliyekwenda kutazama mtu mwenyewe, shamba lake na kazi yake. Tuseme pia kwa haki kwamba si kila kitu kilipotea. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga zile, na hata leo yatumika. Lakini faida iliyopatikana kwa bahati haiwezi kuhesabiwa kuwa uangalifu wa mkopeshaji.

Kongwa yatufunza hatari ya kukopesha bila kuuliza. Upo upande wa pili, nao ni kusamehe bila kuuliza. Na mfano wake mkubwa watoka India, nchi iliyorithi utaratibu uleule wa bunge na mkaguzi. Katika hotuba ya bajeti ya Februari 2008, waziri wa fedha, P. Chidambaram, alitangaza msamaha wa madeni ya wakulima. Wenye mashamba yasiyozidi hekta 2 wangefutiwa deni lote lililokwisha pita muda wake. Wenye mashamba makubwa zaidi wangesamehewa robo iwapo wangelipa robo tatu. Gharama ilikadiriwa kuwa rupia bilioni 600, na wakulima wa kunufaika wapatao milioni 40. Sababu ya huruma ilikuwapo, tena kubwa: wakulima wengi nchini humo walikuwa wamejiua kwa uzito wa madeni. Sababu nyingine haikutajwa katika hotuba, lakini kalenda iliijua, kwani uchaguzi mkuu ulikuwa mwaka 2009.

Mwezi wa Machi 2013 taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa India iliwekwa mbele ya Bunge. Katika hesabu 90,576 zilizochunguzwa, 20,216 zilikuwa na kasoro, yaani zaidi ya moja katika kila tano. Walikuwapo waliostahili wakaachwa, na wasiostahili wakapewa. Zilikuwapo kumbukumbu zilizofutwa na kuandikwa upya. Wengi waliosamehewa hawakupewa hati ya kuthibitisha kwamba hawadaiwi tena, na bila hati hiyo mtu hana la kumwonyesha karani ajapo kuomba mkopo mpya. Niliposoma habari ya hati hizo niliukumbuka mkebe wa babu. Tena, msamaha ulihusu madeni ya benki na vyama vya ushirika tu; maskini wa mwisho, aliyekopa kwa mkopeshaji wa mtaani kwa sababu benki ilimfungia mlango, hakuguswa na huruma ile hata kidogo.

Twaweza kusema kwamba hapa ukaguzi ulifanya kazi yake, na ni kweli. Nchi iliyothubutu kuyachapisha makosa yake yastahili heshima. Walakini taarifa ilikuja miaka mitano baada ya tangazo. Aliyeachwa kwa makosa alikuwa amekwisha uza ng'ombe wake. Ukaguzi ujao baada ya msimu wa tano huandika historia, lakini hauokoi mtu. Ikiwa Bunge lataka kusamehe, basi njia ya kukagua iingizwe ndani ya sheria ya msamaha yenyewe tangu siku ya kwanza: nani atachuja, nani atasikiliza malalamiko, na hati itamfikiaje mtu mkononi.

Zipo hoja dhidi ya maoni yangu, nazo hazifai kupuuzwa. Hoja ya kwanza ni kwamba msimu haungoji kamati. Mbegu itolewayo baada ya mvua ni chakula cha kuku, na Bunge likitaka kutazama kila mkopo, mkulima atapanda makaratasi. Hoja hii ni ya kweli dhidi ya Bunge lijifanyalo benki. Lakini sisemi Bunge litie sahihi mikopo. Likitia sahihi, litakuwa limeshiriki katika kutoa, na halitaweza tena kumhukumu mtoaji. Kazi yake ni kuweka masharti kabla ya fedha kutoka, kusoma marejesho ya kila msimu wakati msimu ungali na nafasi ya kurekebishwa, na kudai maelezo baada ya mavuno.

Hoja ya pili ni ya staha. Deni ni aibu ya mtu, na kumwanika mkulima mdogo mbele ya kadamnasi ni kumwadhibu mara mbili. Nakubali. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga hayapigiwi ngoma. Kwa mikopo midogo yatosha Bunge lipate idadi, mahali, kiasi na sababu za kushindwa kulipa, majina yakabaki kwa mkaguzi. Lakini mkopaji mkubwa, apataye kwa mkataba mmoja fedha ambazo zingetosha vijiji vingi, hawezi kudai pazia lilelile. Ukubwa wa amana huongeza ukubwa wa dirisha.

Hoja ya tatu yauma zaidi. Wabunge wenyewe hulima, na wabunge wenyewe hukopa. Kesi ya ngedere ukimpa nyani, haki hupati. Iwapo mkaguzi wa deni ni mdaiwa, swali lolote aulizalo litakuwa na kigugumizi. Sheria ya Tanzania ya maadili ya viongozi wa umma, ya mwaka 1995, imekwisha lifikiri jambo hili, kwa kuwa yawataka viongozi watangaze mali zao na madeni yao pia. Ni hatua njema, lakini haitoshi kama tamko lakaa kabatini. Mbunge aliyekopa fedha ya umma kwa kilimo hana dhambi. Ana wajibu wa kusema hivyo kabla ya mjadala, na kutoka chumbani kura inapopigwa. Neno hilo dogo, la mtu kusimama na kusema kuwa yeye ni mdaiwa, lina nguvu kuliko kanuni nyingi.

Hoja ya nne haisemwi kwa sauti. Kura. Msamaha wa madeni ni tamu kuutangaza, na uchungu wake hulipwa na watu wasioonekana: mlipa kodi, mkulima aliyelipa, na mkulima wa kesho atakayekuta mfuko mtupu. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Hapa sina dawa kamili, kwani katika utawala wa watu hapana awezaye kumkataza mwakilishi kupendwa. Ninalo pendekezo moja tu: sheria iseme kwamba kila msamaha uambatane na jina la mfuko utakaofidia, kiasi chake, na taarifa ya wale waliolipa deni la namna ileile kwa wakati, ili Bunge liwatazame kabla ya kuwapita. Huruma ikijua bei yake, hutenda kwa makini.

Tukirudi nyumbani twaona kwamba vyombo vya kukopesha kilimo vimebadilika mara nyingi. Kenya ilikuwa na mpango wa 1942, wa wakati wa vita, uliomhakikishia mlowezi malipo ya chini kwa kila ekari ya nafaka, na baada ya uhuru ukafunguliwa kwa wakulima wa Kiafrika. Mwaka 1963 likaundwa shirika la fedha za kilimo. Tanzania ilianzisha benki ya maendeleo vijijini mwaka 1971, ambayo mwaka 1984 ilikuja kuwa benki ya ushirika na maendeleo vijijini. Sheria ya 1991 ikaunda chombo cha kufuatilia madeni mabaya ya benki za umma, na mwaka 1996 benki ile ikaingia mikononi mwa wanahisa binafsi. Pengo lake katika kilimo lilisubiri hata Benki ya Maendeleo ya Kilimo ilipoundwa mwaka 2012 na kuanza kazi mwaka 2015. Sitaki kuvihukumu vyombo hivi; vipo vilivyowafaa watu wengi. Nataka kuonya juu ya tabia moja. Kila chombo kinapobadilishwa jina, madeni ya zamani huhamishwa kabati, na pamoja nayo huhamishwa swali: walikopeshwa akina nani, na ilikuwaje wakashindwa?

Tena Bunge laweza kudanganywa na hesabu mbili zinazopendeza. Ya kwanza ni jumla ya fedha zilizotolewa. Waziri husimama na kutaja mabilioni, makofi yakapigwa. Lakini fedha iliyotoka Hazina bado haijawa mbolea ardhini. Ya pili ni asilimia ya marejesho. Huonekana kuwa kipimo cha uaminifu, ilhali mkopeshaji aweza kuipata kwa kuwakopesha matajiri pekee, ambao hawakuwa na shida ya kupata mkopo kwingineko, au kwa kulipa mkopo wa zamani kwa mkopo mpya, deni likaonekana limekufa kumbe limezaa. Bunge makini huuliza lililo nyuma ya hesabu: wangapi walikuwa na mashamba madogo, wangapi walikuwa wanawake wasio na hati ya ardhi, ekari ngapi zililimwa zisizolimwa awali, na kati ya walioshindwa, wangapi walishindwa na mvua, wangapi na bei, na wangapi na nafsi zao.

Maswali haya hayahitaji elimu ya juu ya fedha. Yahitaji mtu ajione kuwa amini wa mali asiyoimiliki. Hapo ndipo naona msingi wa jambo zima. Twazoea kufikiri kwamba kuhoji ni dalili ya kutoamini, na kwamba mwenye huruma hahoji. Kwa mali yangu, sawa. Kwa mali ya wengine, kuhoji ndiko kuwaheshimu wote wawili: mwenye mali, ambaye hayupo, na mkopaji aliyefanya kazi kwa jasho, ambaye hastahili kutiwa katika fungu moja na mwenye hila. Mkulima ambaye pamba yake iliungua ana haki ya kusamehewa yeye, kwa jina lake na kwa sababu yake, na mtu aliyekuja kuliona shamba lililoungua. Msamaha wa namna hiyo humwinua. Ule wa daftari humwacha kama ulivyomkuta, na mashaka juu ya kichwa chake, kwa kuwa hapana aliyejua kama alikuwa na kosa au hakuwa nalo.

Babu alikufa akiwa hadaiwi na mtu. Mkebe wake wa biskuti ninao mimi. Ndani yake mna vipande vya karatasi visivyosomeka, na sijapata kujua ni kiasi gani alicholipa mara ya kwanza wala mara ya pili. Hapana kamati iliyopata kuuliza, wala mimi sina wa kumwandikia madai. Natamani tu kwamba siku Bunge lolote litakapoinua mikono kufuta madeni ya wakulima, mbunge mmoja aombe nafasi, asimame, aulize kama yumo katika orodha ile mtu aliyekwisha lipa. Na wenzake, kabla ya kura, wamngojee ajibiwe.